Tanzi, taya, shimo au kizimba: upo mtego wa nguruwe pori usiomtesa mnyama?

Mwamiaji

Wakuu, salaam.

Mahindi yanatoa mbelewele na vijiji vinavyopakana na mapori vimerudi kwenye ubishi wa kila mwaka. Wapo wanaosema nguruwe pori ni mharibifu, mtegee waya, kesho asubuhi kitoweo, kazi imeisha. Wapo wanaosema waya ni ukatili, watu wachomelee vizimba. Na wapo wasiotaka mtego wa aina yoyote: kwao kumfungia mnyama wa porini ni kumtesa tu, uwe umetumia waya au nondo.

Nataka kuelewa mambo matatu. Kwanza, tanzi la waya linamfanya nini hasa mnyama, maana wengine wanaapa kwamba anakufa upesi. Pili, kizimba kikitengenezwa vizuri kinapunguza mateso kweli, au kinayahamisha tu kutoka shingoni kwenda kichwani? Tatu, ukishamkamata akiwa mzima unamfanyia nini? Hapo ndipo mikutano ya kijiji hukwama.

Sheria naijua juujuu: matanzi hayaruhusiwi. Ila naomba tusiishie hapo. Mkulima akiambiwa "ni kosa" bila kuambiwa afanye nini, anatega usiku.

Mganga_wa_Pori

Mkuu, nianze na hilo la kufa upesi, kwa sababu ndilo linalobeba ubishi wote.

Ili tanzi liue haraka lazima libane koo na mishipa mikubwa ya shingo kwa pamoja, na libaki hapohapo. Kwa digidigi au swala mwenye shingo nyembamba inaweza kutokea. Nguruwe pori hana shingo ya kubanwa: kichwa, shingo na mabega ni kitu kimoja, misuli na mafuta. Waya unateleza ukakamata kifua nyuma ya miguu ya mbele, au kiuno, au anaukanyaga ukashika mguu. Hapo haumuui. Unamshika.

Anavuta, fundo linakaza. Tanzi la kienyeji halina kizuizi cha kulifanya liishie mahali fulani, wala kizungusho cha kuuachia waya uzunguke, kwa hiyo kila anapojigeuza waya unajisokota na kuwa mfupi zaidi. Waya wa breki ya baiskeli au klachi ya pikipiki umesukwa kwa nyuzi nyingi. Nyuzi mbili tatu zikikatika, ncha zake zinafanya kazi ya msumeno. Inapasuka ngozi, kisha misuli, kisha kano. Mguu ulioshikwa unavimba chini ya waya, damu haipiti, unapoa na kuanza kufa ukiwa bado umeungana na mwili. Wengine huugeukia waya na kuung'ata mpaka meno yanavunjika na kiini kinabaki wazi.

Halafu lipo lisiloonekana. Mnyama anayepambana kwa saa nyingi huitumikisha misuli yake hadi inaanza kubomoka; mabaki yake huingia kwenye damu na kuharibu figo. Mkojo unageuka rangi ya kahawa. Tunaiita mayopathi ya kukamatwa, na jamii ya swala ndiyo inayoathirika zaidi. Unaweza kumkata waya mnyama asiye na jeraha lolote, akakimbia vizuri kabisa, akafa baada ya siku kadhaa. Yule anayesema "mimi nilimwachia, akaenda zake" hajui alimwachia aende wapi.

Wenye nguvu, kama nyati na tembo, huukata waya mtini wakaondoka nao. Kitanzi kinabaki mwilini. Kwa ndama ni balaa: mnyama anakua, waya haukui. Tembo hupoteza ncha ya mkonga kwa namna hii. Kumsaidia kunataka daktari wa wanyamapori, bunduki ya sindano, na dawa ya kulaza wanyama kama etofini, ambayo matone machache tu yakimwingia binadamu yanaweza kumuua. Akilala, kuna mambo ya kuangalia kwa haraka. Tembo asilale kifudifudi, kwa sababu uzito wake mwenyewe unamkandamiza kifua asipumue. Asukumwe alale ubavu. Swala ni kinyume chake: akae kifudifudi, kichwa juu, ili yaliyomo tumboni yasirudi kooni. Macho yafunikwe, mwili umwagiwe maji. Hii si kazi ya mwanakijiji mwenye koleo.

Kuhusu kipimo cha mateso: kipo kilichoandikwa. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya, Kanada na Urusi walikubaliana viwango vya mitego ya wanyama wa manyoya. Mtego wa kushika hujaribiwa kwa wanyama wasiopungua 20, na angalau asilimia 80 kati yao wasionekane na dalili kama mfupa uliovunjika, kano iliyokatika, jino lililovunjika hadi kwenye kiini, kiungo kilichokosa damu, au mnyama kujitafuna mwenyewe. Mtego wa kuua una muda wake: kicheche mdogo wa kaskazini (ermini) sekunde 45, wengine 120, na wengi waliobaki sekunde 300. Soma tena: dakika 5, na mmoja kati ya watano anaruhusiwa kuumia vibaya. Hicho ndicho kinachoitwa kiwango cha huruma. Nguruwe pori na nyani hawamo kwenye orodha hiyo, lakini hata wangekuwemo, waya wa breki usingeukaribia mstari huo.

KataWaya

Naongezea upande wa pili wa tanzi: halichagui.

Anayetega analenga njia ya nguruwe. Njia hiyohiyo anapita funo, ngiri, nungunungu, mbwa wa kijiji, fisi anayefuata harufu, na simba anayefuata fisi. Fisi wa Serengeti wamefuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi, na matanzi yamethibitika kuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya fisi wakubwa, ingawa hakuna anayemtega fisi. Sababu ni mwendo wao. Makundi ya nyumbu yakihama, fisi huyafuata kwa safari ndefu kutoka pangoni na kurudi, na njiani wanakatiza maeneo yaliyotegwa.

Jambo la pili ni kwamba tanzi halina tarehe ya mwisho. Mtegaji akiugua, akihama, akikamatwa, au akisahau tu alipoweka la ishirini, waya unaendelea kutega peke yake. Mnyama anaoza hapo, mwingine anakuja kwa harufu.

Kwa wanaotaka kuondoa matanzi mipakani mwa kijiji, utaratibu ni huu. Msiende peke yenu. Nendeni na askari wanyamapori wa kijiji, na ikiwa ni ndani ya hifadhi au pori la akiba, bila TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au TANAPA (ya hifadhi za taifa) msiingie kabisa. Kule Tsavo, Kenya, vikosi vya shirika la Sheldrick Wildlife Trust vinavyoondoa matanzi hutembea na askari wa KWS, idara ya wanyamapori ya huko, na si kwa urembo. Mtegaji anaweza kuwa karibu, na ana panga.

Watu wapangane mstari, mita 5 hadi 10 kati ya mtu na mtu, vichaka vikizidi msogeleane. Asubuhi mapema au jioni ndiyo saa nzuri, jua likiwa chini waya hung'aa. Saa sita mchana utaupita. Waya wa tairi lililochomwa haung'ai, una weusi wa masizi, huo utauona ukiinama hadi usawa wa goti. Usitafute waya kwanza, tafuta kazi ya mkono wa mtu: ukuta wa matawi yaliyokatwa wenye pengo moja, mche uliopindwa, gome lililochubuka kwa kuzunguka, majani yaliyonyauka mahali ambapo mengine ni mabichi. Ukikuta moja, simama. Mara chache linakuwa peke yake. Kagua pengo kwa pengo kwenye ukuta wote.

Kosa linaloumiza watu ni kukata waya uliofungwa kwenye mche uliopindwa. Mche unafyatuka, na waya wenye ncha unapita usawa wa uso. Mtu mmoja aushike mche kwanza na kuuachia polepole, ndipo mwingine akate. Usiingize mkono ndani ya kitanzi. Kata kwa mkasi wa vyuma, ondoa waya wote hadi kwenye shina, usiutupe pembeni, maana kesho utategwa tena. Andika idadi, aina ya waya, mahali. Hesabu ya "aina ya waya" wengi huipuuza, lakini ndiyo inayokuambia waya unatoka gereji ya pikipiki, kwa wachoma matairi, au kwenye uzio wa mwekezaji fulani.

Mzoga mkiukuta usiguswe. Unaweza kuwa umetiwa sumu, na askari anaweza kuuhitaji kama ushahidi, au kutaka kuvizia hapohapo.

BabaNne

Haya yote sawa, ila nina dukuduku. Wenzetu wa Ulaya wanatega mbweha na sungura kwa nyaya miaka nenda rudi, sisi ndio tunahubiriwa. Na mnasahau kwamba mahindi ya ekari mbili ndiyo ada ya mtoto. Nguruwe kumi usiku mmoja wanalaza nusu ekari.

Mganga_wa_Pori

BabaNne, dukuduku lako lina msingi, lakini taarifa yako imepitwa na wakati. Uingereza ilipiga marufuku mtego wa taya za meno mwaka 1958. Mwaka 1981 ikaharamisha tanzi linalojifunga lisilolegea, yaani hilihili la kwetu, na yaliyobaki ikaamuru yakaguliwe kila siku. Wales ikafuta matanzi yote 2023, Scotland 2024. Umoja wa Ulaya uliondoa mitego ya taya ya kushika mguu tangu miaka ya 1990. Marekani ndiko ambako mitego ya taya bado inatumika katika majimbo mengi, na huko mabishano ni makali kuliko haya.

Kuhusu ada ya mtoto, hakuna anayebisha. Swali ni kama tanzi linaokoa mahindi. Linamkamata mmoja wa kundi; waliobaki wanabadilisha njia na kurudi usiku unaofuata kupitia kwa jirani. Anayefaidika na tanzi mara nyingi ni anayeuza nyama, si mwenye shamba. Na nyama ya mnyama aliyeshinda kwenye waya tangu jana, tumbo limevimba, siipendekezi kwa mtu yeyote. Zaidi ya hapo, nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonyesha dalili. Mabaki yakitupiwa nguruwe wa kufugwa, banda zima linaweza kuisha.

FundiNondo

Nijibu swali la pili, la kizimba. Jibu fupi: kinapunguza mateso kama kimetengenezwa sawasawa NA kinakaguliwa. Kikikosa kimojawapo ni jela ya kifo. Na kabla hujanunua nondo, pata kibali. Kwa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haitofautishi mtego wa waya na wa nondo kwa mtu asiye na ruhusa. Zungumza na afisa wanyamapori wa wilaya, na kizimba kiwe cha kijiji chini ya usimamizi wake, si cha mtu binafsi.

Vipimo: urefu mita 2, upana sentimita 90, kimo mita 1. Fremu ya pembe ya chuma ya milimita 40, kuta za nondo za milimita 8 zilizochomelewa kwa nafasi ya sentimita 5. Hapo kwenye nafasi ndipo mafundi wengi huharibu. Wanaacha sentimita 10 ili kuokoa nondo, nguruwe anaingiza pua, anasukuma kwa uzito wake wote, anavunja meno na kuchana pua hadi mfupani. Nafasi ikiwa finyu hapati pa kuanzia, anatulia mapema. Ncha zote za nondo zikatwe na kusagwa kwa ndani. Pitisha kiganja chako chote ndani ya kizimba kabla ya kukipeleka shambani, kikikukwaruza wewe kitamkwaruza yeye.

Sakafu: ukiiacha udongo mtupu atachimba na kutoka. Weka wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 2.5, si zaidi, kwato zisinase, kisha ufunike kwa udongo wa hapohapo. Pembe nne zishikiliwe na vigingi vya nondo ya milimita 12, urefu sentimita 60, la sivyo ataviringika nacho.

Mlango wa kudondoka ndiyo sehemu ya hatari. Kikanyagio kiwe kwenye theluthi ya mwisho, mbali na mlango, ili mlango ukianguka mwili wote uwe umeshaingia. Chini ya mlango gongomea ukanda wa mpira wa tairi, kwa sababu watoto hufuata mama kwa karibu na chuma kitupu kinavunja mgongo. Weka komeo linalojifunga lenyewe: nguruwe huinua mlango kwa pua kama mtu anavyoinua mfuniko wa sufuria.

Kuweka: kivulini, mbali na njia ya watoto wa shule, na si kwenye njia ya maji. Kwa usiku 7 au zaidi mlango uwe umefungwa kwa kamba, wazi, chambo kinaliwa bure. Chambo kizuri ni pumba za mahindi zilizoloweshwa siku 3 zikachachuka. Ndizi mbivu zinavutia, ila mchana zinaleta tumbili. Ndiyo maana mtego unafunguliwa saa 12 jioni na kufungwa alfajiri, kila siku, bila "nitapita baadaye".

Ukaguzi: saa 4 usiku, na tena saa 11 alfajiri. Usiku ambao hakuna wa kukagua, au mvua kubwa inakuja, mtego usifunguliwe. Kizimba kilichoachwa hadi saa 5 asubuhi juani ni oveni. Ukimkuta ndani: funika pande tatu kwa turubai au magunia, giza linamtuliza, zima tochi, fukuza mbwa, fukuza na wapiga picha. Akiwa nungunungu, fungo au mbwa, mlango uvutwe kwa kamba kutoka nyuma, mita 5. Akiwa jike mwenye chuchu zilizojaa maziwa, achiwe. Watoto wake wako kichakani wakifa njaa, na huo ni ukatili ambao mtego hauonyeshi.

Dungu_na_Kombeo

FundiNondo kaandika vizuri, lakini karuka swali la tatu: halafu?

Kumhamisha ndilo jibu linalopendwa kwenye mikutano kwa sababu linasikika la huruma. Nguruwe aliyepelekwa mbali anaachiwa kwenye eneo la kundi jingine, hajui maji yalipo, ama anapigwa ama anatafuta shamba la karibu. Umempelekea jirani hasara na umemwongezea mnyama siku za mateso, na kama ana ugonjwa umeusafirisha kwa gari. Tumbili ni mbaya zaidi, kwa sababu ni mnyama wa ukoo: ukimtoa mmoja umemtoa kwenye kinga yake yote. Kwa hiyo kizimba cha nguruwe, tuseme ukweli, mwisho wake ni risasi moja ya karibu ya afisa mwenye dhamana. Kijiji kisichoweza kumpata afisa huyo asubuhi hiyohiyo kisitege. Mnyama akishakufa ni nyara ya Serikali, hata mguu mmoja ukikutwa jikoni kwako bila hati ni kesi. Haya yasemwe kabla ya kuchangishana fedha za nondo.

Mimi niko upande wa kutotega, ila si kwa sababu ya huruma peke yake. Ni hesabu. Utafiti uliofanywa kando ya msitu wa Kibale, Uganda, uliona kwamba sehemu kubwa ya mazao yanayoliwa ni ya mita 200 za kwanza kutoka ukingoni. Shughulika na ukanda huo. Fyeka kichaka upana wa mita 10 au zaidi kati ya pori na shamba. Nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Mahindi na mihogo vikae ndani, ukingoni weka pilipili, tangawizi au mkonge. Dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, lijengwe upande wa pori, si upande wa nyumba. Makosa ya kila mahali ni kujenga dungu karibu na chai ya usiku, nguruwe wanakula upande wa pili mpaka wanashiba. Zamu ziwe za watu wawili, saa mbili mbili, na wabadilishe sauti: debe leo, filimbi kesho, tochi keshokutwa. Sauti ileile kwa wiki nzima, wanaizoea kama redio.

Kamba ya katani iliyopakwa oili chafu na pilipili kichaa iliyosagwa ni ya tembo. Kwa nguruwe isikupotezee muda.

Uzio wa umeme wa sola unafanya kazi kwa nguruwe: nyuzi mbili, sentimita 20 na 45 kutoka ardhini. Unashindwa kwa sababu mbili karibu kila mara. Nyasi zinagusa uzi wa chini na kunyonya umeme, kwa hiyo lazima zifyekwe kila wiki wakati wa mvua. Au udongo umekauka na vijiti vya ardhi havirudishi mzunguko. Chimbia vitatu, urefu zaidi ya mita 1, umbali wa mita 3, na kiangazi uvimwagilie maji. Umeme wa nyumbani au wa jenereta usiunganishwe kwenye waya kamwe, unaua mtu, tena mara nyingi ni mtu wa familia.

Hapo nijichome mwenyewe kidogo. Uzi wa sentimita 20 unamuua kakakuona. Akiguswa kifuani anafanya alichoumbwa kufanya, anajikunja, na anajikunja uzi ukiwa ndani. Hawezi kuachia, mshtuko unaendelea hadi anakufa. Kobe naye husimama palepale. Kuinua uzi juu ya sentimita 30 kunawaokoa, lakini nguruwe anapita chini. Mahali penye kakakuona mimi ningeweka uzi mmoja wa juu na ukuta wa matete au fito chini yake, halafu mtu wa kutembea na tochi. Ni kazi zaidi, najua.

Mwamiaji

Nashukuru sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Viulizo viwili vya mwisho. Shimo je, lile la kufunikwa matawi? Wazee wanasema halina waya wala damu. Na mtego wa taya? Pili, mbwa wa wafugaji wananasa kwenye matanzi yaliyobaki. Mtu akimkuta mbwa hai kwenye tanzi, aanzie wapi?

FundiNondo

Shimo: mnyama anavunja mguu akianguka, mvua ikinyesha anazama, na mtu anayetoka kwenye pombe usiku halioni linavyomngoja. Hapana.

Taya: hapana mara mbili. Maeneo ya Murchison Falls kule Uganda wanaziunda kwa springi za magari, na zinakamata miguu ya twiga, simba na tembo.

KataWaya

Mbwa: usimkimbilie. Ana maumivu na atamuuma hata bwana wake, na hujui kama ana kichaa. Mwenye mbwa akiwepo aje yeye, aongee naye kwa sauti ya chini.

Kitu cha kwanza ni kulegeza waya, si kuukata. Mwingine asogee upande wa mti na kumvutia mbwa kule waya ulikofungwa, hata kwa kipande cha chakula. Akisogea hatua moja, waya unalegea na anaacha kuvuta. Hapo mrushie gunia au blanketi zito kichwani, mtu mmoja amkandamize mabegani kwa magoti pande zote mbili, bila kumkalia kifuani. Wa pili apitishe kidole au kijiti bapa kati ya waya na ngozi upande wa nyuma ya shingo, ndipo koleo liingie. Kama waya umezama kwenye nyama na kidole hakipiti, usichokonoe. Kata sentimita chache nje ya fundo na umpeleke kwa daktari wa mifugo na kipande hicho kikiwa mwilini, mdomo umefungwa kitambaa ikiwa anapumua vizuri kwa pua.

Kisha mpapase mwili mzima chini ya manyoya, kiunoni na kwapani. Mbwa anayehangaika penye matanzi mengi huweza kuwa na la pili. Ukingoja, uvimbe unalifunika.

Na usikate waya kwenye mti kwanza. Akichomoka ataondoka na kitanzi shingoni na mita moja ya waya nyuma yake, ambayo itashika kichaka cha kwanza atakachopita.